Mkutano Ulioandikwa Jumatano

Haya nitakayoeleza ni kweli tupu, na ninaapa kwa mizani. Nilikuwa karani wa mizani ya kahawa kwa miaka ishirini na sita, na mtu wa mizani akiapa kwa mizani ameapa. Najua watu wa Ntobeye watawaambia kwamba ni mimi huyu huyu niliyesema nimewahi kumpima kiboko wa mto Kagera akafika kilo elfu moja na mia mbili, tena akiwa na njaa. Hilo liacheni, lilikuwa la kilabuni. Hili ni la karatasi. Neno langu limewahi kuhakikiwa kwa maandishi na mtaalamu kutoka Ulaya, na sijui mstaafu mwingine wilaya nzima ya Ngara mwenye sifa hiyo. Atakayekuta humu uongo hata mmoja, mbuzi wangu jike mweupe, yule mwenye mimba, ni wake. Aje na kamba.

Mwaka ulikuwa 1995. Wakimbizi walikuwa wametimiza mwaka mmoja na nusu, na milima iliyokuwa na miti ilikuwa na turubai za buluu. Kuni tulizifuata mbali. Kila kitu kilikuwa na bei mpya: kuku, chumba cha kupanga, hata salamu. Vijana waliojua maneno kumi ya Kiingereza waliajiriwa na mashirika, na walimu wakaacha chaki wakawa walinzi wa maghala.

Protasi hakuajiriwa na mtu. Alikuwa jirani yangu, nyumba zetu zikitenganishwa na mistari minne ya migomba, kwa hiyo msiniulize nilijuaje waliyosema jikoni. Alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima na mwandishi wa gazeti la vijijini tangu enzi za chama kimoja, hadi serikali ilipopunguza wafanyakazi na gazeti likafa. Alibaki na kalamu mbili, faili la makala zake, na mke.

Mke ndiye Febronia. Na Febronia alikuwa na kahawa, miti mia mbili na kumi na minne, juu ya chemchemi, aliyoipanda mwenyewe na kuimwagilia kwa maji aliyobeba kichwani. Kahawa hiyo ndiyo iliyomlipia binti yao Suzana karo ya sekondari. Si kalamu.

Siku barua ilipofika, Febronia alikuwa anamenya ndizi pamoja na Ineza. Ineza alikuwa mkimbizi wa kambini, mama wa watoto watatu, aliyekuja mara tatu kwa wiki kupalilia na kuondoka na mkungu.

"Nimeitwa semina," Protasi akasema. "Wiki mbili, Ngara mjini. Mafunzo ya waandishi wa habari katika mfumo mpya."

"Mfumo mpya ndio upi?"

"Vyama vingi. Magazeti huru. Soko huria."

"Na ule wa zamani?"

"Umeisha."

"Umeisha pamoja na viatu vyako," Febronia akasema bila kuinua macho. "Utaenda na nini miguuni?"

Protasi akaitazama barua kana kwamba viatu vimo ndani. "Kuna posho. Elfu mbili kwa siku. Na chai saa nne."

"Elfu mbili!" Ineza akasema.

"Na mwisho wa semina watamchagua mmoja awe mwakilishi wa kudumu. Elfu arobaini kwa mwezi. Na baiskeli."

Febronia akaacha kumenya. Bei ya kahawa mwaka ule ilikuwa imepanda, lakini karo ilikuwa imepanda ikaipita. "Arobaini kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Basi nenda kwa Mzee Matiasi ukaazime viatu."

Mzee Matiasi ni mimi. Viatu vilikuwa vile nilivyopewa siku ya kustaafu, vyeusi, vya kufunga kamba. Nilimpa. Vilimzidi namba moja, akajaza magazeti mbele.

*

Mwalimu wa semina alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Ujerumani ile iliyokuwa ya Mashariki. Huko kwao alikuwa mtangazaji wa idhaa ya Kiswahili ya redio ya serikali kwa miaka kumi na mitano, hadi nchi yake ilipokwisha na redio ikafungwa. Kiswahili chake kilikuwa safi na kimekaa muda mrefu kabatini. Alisema "ndugu washiriki" na "naam" kama taarifa ya habari ya mwaka sabini na tano. Wakamcheka siku ya kwanza. Siku ya pili wakampa jina: Mama Nani-Kasema.

Maana hilo ndilo lilikuwa swali lake. Washiriki walikuwa wanane, ndani ya ukumbi uliokodishwa, na kila aliyesoma habari yake aliulizwa hilo.

Zamu ya Protasi ikafika. Akafungua faili lake kwa heshima, akasoma: "Wananchi wamepokea kwa shangwe kubwa uamuzi wa kuongeza ekari za mihogo."

"Nani kasema?"

"Wananchi."

"Mwananchi gani?"

"Wote."

"Ulizungumza na wote, ndugu Protasi?"

Wakacheka. Aliyecheka zaidi ni Rogasian, kijana wa Kaniha huko Biharamulo, mwenye kinasa sauti chake mwenyewe alichokibeba kifuani kama mtoto mchanga.

"Shangwe uliipimaje?" Mama akaendelea.

"Mama, mimi nimeandika miaka kumi na saba," Protasi akasema, sauti imemshuka. "Hakuna habari yangu iliyowahi kurudishwa."

"Naam," Mama akasema. "Hata zangu hazikurudishwa."

Akalichukua faili, akalifunga polepole, akamrudishia Protasi kwa mikono miwili. Saa ya chai Protasi alikula maandazi mawili na mawili mengine akayafunga kwenye leso ya kumpelekea Febronia. Rogasian akamwona.

"Mzee, hayo nayo utayaandikia habari?"

*

Sasa lazima niwaeleze jinsi Protasi alivyofanya kazi, kwa sababu jambo lote limesimama hapo.

Zamani zile bahasha ya habari ilisafiri na lori la kahawa, na lori liliondoka alfajiri. Mikutano ilikuwa mchana. Mwandishi aliyesubiri mkutano uishe, habari yake ilikaa wiki nzima ikingoja lori lingine, na mhariri akamwandikia barua ya ukali. Kwa hiyo Protasi aliandika mkutano siku moja au mbili kabla. Wala hakuwa anabuni. Ajenda ilitoka wilayani ikiwa na maazimio tayari, msemaji mkuu alijulikana, na wananchi walikubali kwa kauli moja kwa sababu hapakuwa na kauli ya pili. Aliacha nafasi ya idadi ya watu, nami niliijaza kwa penseli pale kwenye mizani, kwa kuwa lori lilipakia kwangu. Miaka kumi na saba hakuna mkutano hata mmoja uliomwendea kinyume. Aliona hiyo ndiyo fani.

Wiki ya pili ya semina, Mama akatoa kazi ya mwisho. Kila mmoja alete habari ya kwake, itoke kwenye toleo la kwanza la gazeti la semina, kurasa nne za stensili, jina lake *Jirani*. Habari bora ndiyo ingempa mwandishi wake ile kazi. Zifike Alhamisi asubuhi. Gazeti lingepigwa Alhamisi na kubeba tarehe ya Jumamosi.

Protasi akarudi nyumbani Jumatano kutafuta habari. Habari ilikuwepo, kubwa: shirika moja la maji lilitaka mahali pa kuweka tangi la kupeleka maji kambini, na mkutano wa kijiji ulikuwa Ijumaa.

Ijumaa. Na gari la kupeleka habari Ngara lilipita Alhamisi alfajiri.

Mnaelewa alichofanya. Akakaa kibarazani, akaandika kwa mwandiko wake mzuri:

"Wananchi wa Ntobeye juzi Ijumaa, katika mkutano uliohudhuriwa na watu wengi, walikubali kwa kauli moja kutoa eneo lililopendekezwa na wataalamu kwa ajili ya tangi la maji la wakimbizi."

Eneo lipi? Hakujua. Alidhani ni lile pori la shamba la zamani la kijiji, ambalo halina mwenyewe. Lakini hilo halikumsumbua. "Eneo lililopendekezwa na wataalamu" ni maneno yanayokaa vizuri popote, aliyaandika mara mia maishani mwake. Kilichomsumbua ni swali la Mama. Akaondoka na daftari kwenda kutafuta mtu wa kusema. Akampata mzee mmoja mstaafu, amekaa kilabuni na rubisi yake, pombe ya ndizi.

"Mzee, nataka useme kitu kuhusu tangi."

"Nimeshasema," mzee akajibu. "Andika kizuri."

"Hapana, siku hizi lazima useme kweli kwa mdomo."

Mzee akaweka kibuyu chini. Hakuwahi kuandikwa gazetini. Akakohoa, akanyoosha shingo, akasema kwa sauti ya kusikika meza zote: "Hawa ni ndugu zetu. Hata wakitaka shamba langu, nitalitoa kwa moyo mweupe!"

Watu wakampigia makofi. Protasi akayaandika yote, na jina la mzee akaliweka. Gazetini lilikuwepo. Hapa ninaliruka, maana hadithi si yake.

*

Alhamisi Febronia alikuwa mnadani. Ijumaa asubuhi akapanda kwenye kahawa yake na Ineza kupalilia, akakuta vigingi. Vilikuwa kumi na sita, kila kimoja na utepe mwekundu, vimezunguka kahawa kuanzia mstari wa tatu hadi ukingo wa juu. Mti mmoja ulikatwa ili kamba ya vipimo ipite.

Febronia akainama, akaokota tawi. Lilikuwa na kahawa mbichi. Akaanza kuzichuma moja moja na kuzitia kwenye kanga.

"Mama, hizo hazijaiva," Ineza akasema taratibu.

"Najua."

Saa nane mkutano ukajaa. Shirika lilimleta Gidioni, msimamizi wa mradi, kijana mpole mwenye kofia, mtu wa Mwanza. Nyuma yake pikapu ya semina ikaingia, na humo wakashuka Mama Nani-Kasema na Protasi, kifuani amekumbatia mafungu ya *Jirani* yenye harufu ya wino. Habari yake ilikuwa ukurasa wa kwanza. Mama alidhani ni mkutano wa Ijumaa iliyopita, akaipenda kwa sababu ya yule mzee mwenye jina. Protasi akagawa magazeti mwenyewe, akitembea na viatu vyangu kama bwana harusi.

Gidioni alisoma akiwa amesimama. Akasoma tena. Uso ukamchanua.

"Ndugu zangu, nilikuja na wasiwasi," akasema. "Kumbe mmeshamaliza! Imeandikwa hapa, mmekubali kwa kauli moja eneo lililopendekezwa na wataalamu. Basi kilichobaki ni mwenyekiti kutia sahihi."

Watu wakatazamana. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye tangu azaliwe hakupata kupinga kitu kilichochapwa, akaanza kutafuta kalamu.

"Eneo gani?" Febronia akauliza kutoka nyuma.

"Lile la juu ya chemchemi, mama. Lenye vigingi."

"Lile ni kahawa yangu."

"Fidia ipo, mama. Kila mti una bei yake."

"Nani alikubali?"

Gidioni hakuwa mtu mbaya. Mwenyekiti alimnong'oneza, naye akamnyooshea Febronia gazeti kwa adabu, akaweka kidole kwenye jina la mwandishi. "Si ni mume wako aliyeandika?"

Kicheko kilianzia kwa vijana, kikazunguka. Mtu akasema, "Ametoa mahari ya pili!" Mwingine akasema, "Muulizeni kama ametoa na kitanda!" Protasi alisimama katikati na magazeti matatu yaliyobaki mkononi. Alitazama miguu yake.

Mama Nani-Kasema hakucheka. Alichukua gazeti, akasoma tarehe, akawatazama watu waliokuwa bado wanakuja kwenye mkutano uliokwisha kuandikwa. Kisha akarudi kwenye pikapu, akakaa ndani na mlango wazi.

Mwenyekiti aliponea kwenye kalamu: haikuandika. Wakaahirisha hadi Ijumaa nyingine.

*

Nyumbani Febronia hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha mimi niliyekuwa nasikiliza. Alipakua ndizi, akaweka sahani ya mumewe mahali pake.

"Karibu chakula, mwandishi."

"Febronia, mimi sikujua kuwa ni kwetu."

"Ulijua ni kwa nani?"

Protasi akaisogeza sahani.

"Nakuuliza. Ulipoandika tumekubali, ulifikiri ni kahawa ya nani? Ya mama yake nani?"

"Nilifikiri ni pori la kijiji."

"Hukwenda kutazama."

"Gari lilikuwa linaondoka alfajiri."

"Miaka yote gari linaondoka alfajiri," Febronia akasema. Hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka, kama mtu aliyebeba maji akamwaga mlangoni. "Kumbe ile mihogo mliyosema tumeipokea kwa shangwe, nawe uliiandika hivyo hivyo. Mimi nililima ile mihogo, Protasi. Nililima na mimba."

Ineza alikuwa bado mlangoni, mkungu kichwani, hajui kama aondoke au akae. Febronia akamgeukia.

"Na wewe, shoga yangu. Maji unayataka."

Ineza akashusha mkungu. "Nayataka, mama. Napanga foleni tangu jogoo wa kwanza, narudi na ndoo moja, watoto watatu. Siwezi kukudanganya kwamba siyataki." Akasita. "Lakini sikusema yapite kwako. Hakuna aliyeniuliza."

"Hata mimi," Febronia akasema.

Protasi hakula. Alitoa leso yenye maandazi mfukoni, yalikuwa yamekuwa magumu, akayaweka mezani karibu na ndizi. Yalikaa hapo hadi asubuhi.

*

Jumatatu alitembea hadi Ngara kwa miguu, viatu amevibeba mkononi asiviharibu, akavivaa alipofika mlangoni. Mama alikuwa peke yake akifunga mashine ya stensili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ndugu Protasi. Keti."

Akaketi. "Nimekuja kusema ile habari niliiandika Jumatano."

"Naam. Nimeshajua."

"Ndivyo tulivyokuwa tunafanya."

Mama akafuta wino kwenye vidole, kidole kimoja kimoja. "Mwaka themanini na nane nilisoma redioni, kwa Kiswahili, kwamba kiwanda kimoja cha kwetu kimetimiza mpango wake kwa asilimia mia moja na nne. Kaka yangu alifanya kazi kiwandani hapo. Kilikuwa kimefungwa tangu majira ya baridi, hakuna makaa. Alinipigia simu, akaniuliza jambo moja tu."

"Nani kasema?"

"Hapana. Aliniuliza, 'Wewe ni mzima?'"

Nje gari la maji lilipita.

"Mke wangu atapoteza kahawa Ijumaa," Protasi akasema. "Mwenyekiti ataweka sahihi. Kwake kilichochapwa kimechapwa."

"Basi tuchape kingine. Sahihisho, ukurasa wa kwanza, na jina lako. Lakini usiandike tu 'tunaomba radhi'. Utarudi kijijini na kila mstari wa ile habari. Ulio wa uongo, useme ni wa uongo. Ulio wa kweli, uhakikishe kwa mwenyewe."

"Na ile kazi?"

Alitaka asiulize, lakini Suzana alikuwa amesharudishwa mara moja kwa karo.

"Kazi atapewa kijana wa Kaniha," Mama akasema. "Habari yake ni fupi na mbaya, lakini alikuwepo."

Protasi akaitikia kwa kichwa. Akaomba karatasi, akaomba na kalamu, kwa sababu zake mbili alikuwa ameziacha nyumbani.

*

Siku mbili alizunguka Ntobeye na mistari yake saba. Mkutano ulihudhuriwa na watu wengi? Uongo, ulikuwa haujafanyika. Walikubali? Uongo. Kauli moja? Hakukuwa hata na nusu. Siku ile alijua wataalamu walipendekeza eneo lipi? Hakujua. Watu walimjibu wakicheka, wengine wakamfungia mlango, mmoja akamwambia asubiri hadi Jumatano ndipo atajibu ya Ijumaa.

Mwisho akafika kwa yule mzee mstaafu.

"Mzee, yale maneno yako. Nikiyafuta itakuwaje?"

"Uyafute kwa nini?" mzee akang'aka. Alikuwa amelikata gazeti na kulibandika ukutani juu ya kitanda. "Mimi nilisema kweli! Watu walikuwepo, wakapiga makofi! Andika kwamba nilisema."

"Una hakika, mzee? Nitaandika kwamba yamehakikiwa."

"Ndiyo! Andika yamehakikiwa!"

Sahihisho likatoka Alhamisi. Lilikuwa refu kuliko habari yenyewe. Lilisema habari iliandikwa kabla ya mkutano, kwamba wananchi hawakukubali jambo lolote, kwamba mwandishi hakwenda kutazama eneo na kwamba eneo lenyewe ni shamba la mkewe. Lilisema mstari mmoja tu ulikuwa wa kweli, wa yule mzee, na kwamba umehakikiwa naye mwenyewe. Chini: "Niliyeandika yote mawili ni mimi, Protasi."

Ijumaa mwenyekiti alisoma sahihisho mara tatu, akarudisha kalamu mfukoni. Kilichochapwa kimechapwa.

Gidioni akavua kofia. "Sawa, wananchi. Lakini watu wale wana kiu. Tangi lazima likae juu. Vipimo vyetu vimeonyesha mahali pawili tu: kahawa ya mama huyu, na kile kilima cha mikaratusi."

Kilima cha mikaratusi kikapatikana. Mwenye nacho akakitoa kwa moyo mweupe. Watu wakapiga makofi, wakimbizi wakapata maji, na Febronia akabaki na kahawa yake kasoro mti mmoja. Mwisho.

*

Hapo ndipo nilipokuwa nimeishia. Nilinakili vizuri, nikampelekea Febronia asome kwanza kwa kuwa yumo. Kusoma alifundishwa na Protasi mwenyewe, katika darasa la watu wazima, kabla hawajaoana; hadi leo husoma kwa kidole, na kidole chake hakiruki neno.

Alikaa na karatasi siku nne. Siku ya tano akaja kwangu na mumewe, Protasi amebeba kiti chake, kwa sababu kwangu kuna kimoja tu. Pembeni ya maneno "kwa moyo mweupe" palikuwa pameandikwa kwa penseli: *Nani kasema?*

"Shikamoo, Mzee Matiasi," Febronia akasema.

"Marahaba, mama Suzana."

"Umeandika jina langu, la mume wangu, la Ineza, la Gidioni, hata yule kijana wa Kaniha. Jina la yule mzee wa kilabuni liko wapi?"

"Si uongo huo," nikasema. "Nimeruka tu."

"Na moyo mweupe?"

Protasi akatazama kando, lakini nilimwona mabega yanamtikisika.

Basi. Mzee ni mimi. Kilima kilikuwa changu, mikaratusi mia moja na sitini, na ndiyo ilikuwa pensheni yangu, maana ile ya serikali ilitosha chumvi. Siku ile ya mkutano wa pili, Gidioni aliposema kilima, mimi nilikuwa nimeshaanza kutoka kwa nyuma, nimeinama kama mtu aliyepoteza kitu. Febronia akasimama na *Jirani* mbili mkononi, ya kwanza na ya pili, akasoma kwa kidole, neno kwa neno, mbele ya kijiji: hata wakitaka shamba langu, nitalitoa kwa moyo mweupe. Akataja jina. Nikasema ile ni lugha ya magazeti. Nikasema nilikuwa nimekunywa. Gidioni akanisogelea kwa adabu yake ile ile, akasema, "Lakini mzee, imehakikiwa." Makofi yalikuwepo, hilo ni kweli. Moyo haukuwa mweupe. Ulikuwa na rangi ambayo sijui jina lake.

Walinilipa fidia ya miti, nusu ya bei ya nguzo. Tangi likakaa. Ineza akawa anapata ndoo tatu kabla jua halijawaka, akaja kunishukuru, na mimi nikapokea shukrani kama mtu aliyetoa. Mwaka uliofuata, Desemba, wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao wakipita mpakani Rusumo kwenye mvua, siku mbili tatu barabara nzima ikiwa ni watu. Ineza hakupata nafasi ya kuaga. Febronia alikuta jembe limesimamishwa ukutani, limeoshwa. Baadaye shirika likang'oa tangi, likaacha duara la saruji juu ya kilima, na mikaratusi haioti kwenye saruji.

Protasi hakuajiriwa tena. Analima kahawa na mkewe, na watu wakiwa na barua ngumu humwendea yeye. Kabla ya kuandika huvaa ndala zake, huenda kutazama.

"Kwa hiyo?" Febronia akasema.

"Kwa hiyo nini?"

Akafungua mkono. Alikuwa amekuja na kamba.

Nilimfungia mbuzi mwenyewe. Alipofika kwenye migomba, mstari wa pili, mbuzi akagoma, akanigeukia, na Protasi ikabidi amsukume kwa nyuma huku Febronia akivuta. Amezaa mapacha huko kwao, wote majike. Hilo ni kweli. Nendeni mkawahesabu.